Faini Ambayo Baba Hakulipa

Ile barua niliiandika mimi. Nimeikana kwa miaka mingi, mbele ya watu waliokuwa na haki ya kuniuliza na mbele ya wasiokuwa nayo, na kila nilipoikana niliongeza ufundi. Mwanzoni nilisema sijui. Baadaye nikasema iliandikwa na wakili mmoja wa mjini ambaye baba alimlipa debe la maharage. Huyo wakili nilimpa hadi miwani na kikohozi. Nilipoanza kufundisha sheria ya mazingira chuo kikuu, niliitumia barua hiyohiyo darasani kama mfano, "katika kijiji kimoja cha kaskazini", na wanafunzi wakanakili hoja zangu za mwaka wa pili bila kujua kwamba mwenye hoja amesimama mbele yao na chaki mkononi.

Ilikuwa barua ya kurasa mbili, iliyoandikwa kwa mkono kwenye chumba cha bweni tulicholala wanne, na ilihusu faini aliyotozwa baba yangu kwa kukata mikuyu ya chemchemi. Ilifanikiwa. Baba hakulipa. Ndiyo kesi pekee niliyowahi kushinda, kwa sababu baada ya hapo nilikimbilia kufundisha, kazi ambayo mtu anaweza kukosea miaka yote bila mteja wake kwenda jela.

Kwetu ni Endasak, upande wa mteremko, ambako mlima Hanang ukiamka na wingu unajua siku hiyo hutaanika maharage. Shamba letu lilishuka taratibu hadi kwenye kibonde, na ndani ya kibonde palikuwa na chemchemi. Mikuyu ilikuwa imeizunguka, mikubwa, mizizi yake imeingia majini kama watu wanaoosha miguu. Kulikuwa na baridi pale hata saa saba mchana. Maji yalitoka chini ya jiwe, yakajaza kidimbwi cha kuchotea, yakapita kwenye mfereji hadi kidimbwi cha pili walikonywea ng'ombe, kisha yakapotelea kwenye majani. Hakuna aliyefua kwenye kidimbwi cha juu. Hakuna aliyekata hata kijiti cha kuchokonolea meno kwenye mikuyu ile. Hayo hayakuandikwa popote, na labda ndiyo maana tuliyajua wote.

Kiangazi kilipokaza, wanawake wa wafugaji walipanda kutoka tambarare, wengine kutoka Hirbadaw, na punda wao. Sisi watoto wa wakulima tulikuwa na ndoo. Wao walikuwa na vibuyu. Mmoja wao alikuwa shangazi yangu. Dada pekee wa baba, mtoto wa wakulima aliyebatizwa na kukaririshwa amri zote kumi, aliyekwenda kuolewa na Mbarbaig, mfugaji wa huko chini, na kuipa familia yetu mada ya kuzungumza kwa muda wote wa utoto wangu. Nilipomwona anapanda na punda wake niliacha chochote nilichokuwa nafanya, kwa kawaida kazi, nikakimbia kibondeni. Hakuniruhusu kusema neno kabla sijanywa.

"Kunywa kwanza. Maneno hayakauki."

Alinichotea kwa kibuyu chake. Kilikuwa kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa moshi, kwa hiyo maji yalikuwa na ladha ya moshi kwanza, halafu maziwa, halafu ubaridi uliouma meno. Nimekunywa maji mengi tangu siku hizo, mengine kwenye chupa zenye picha ya mlima ambao si wetu. Kila ninapofungua chupa mpya kuna sehemu ndogo ya ulimi wangu inayosubiri moshi. Nimezoea kuiambia itulie.

Mwaka nilioingia mwaka wa pili wa chuo, baba alikata mikuyu.

Ningependa kusema alikuwa mlafi. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini alikuwa mtu wa mahindi na maharage, mwenye koti moja la kanisani, na alikuwa na binti chuo kikuu ambaye mkopo wake wa masomo ulikuwa umetoka nusu. Vitunguu saumu vilikuwa na soko zuri. Vinataka maji na udongo mweusi, na udongo mweusi wote wa shamba letu ulikuwa chini ya ile mikuyu. Aliikata kwa wiki mbili, akachoma mkaa matawi, akalima matuta hadi kwenye ukingo wa kidimbwi. Ile saumu ndiyo iliyonisomesha. Sheria kubwa ya mazingira, iliyokataza mtu kulima ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji, ilikuwa bado mpya. Nilikuwa nimeinunua kwa mpiga chapa nje ya chuo, na bila shaka kwa hela ya hiyohiyo saumu.

Zilimfuata faini mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya serikali ya kijiji. Mtendaji alikuja na daftari, akamsomea sheria ndogo ya kijiji ya kutunza vyanzo vya maji, akamwandikia kiasi cha kulipa, akanywa chai, akaondoka. Baba hakukasirika hata kidogo. Mama aliniambia baadaye kwamba baba alikuwa ameshaitia faini hiyo kwenye mahesabu yake tangu mwanzo, pamoja na mbegu na mbolea. Kwake ilikuwa bei ya kukata. Nimewahi kusimama mbele ya maprofesa kueleza kwa saa nzima, kwa michoro, jinsi faini ndogo inavyogeuka kuwa ada ya ruhusa. Baba alilielewa jambo hilo akiwa ameshika jembe, bila mchoro.

Ya pili ilikuja asubuhi moja ikitembea kwa miguu. Kule kwa shangazi wanawake wana baraza lao. Wanaume hawaingii. Linakaa pale mwanamume anapofanya kitu kinachomdhuru mwanamke, au uzazi, au kitu ambacho wanawake wanakitegemea kuishi, na adhabu yake ni fahali mweusi asiye na doa. Fahali huchinjwa na kuliwa na wanawake wenyewe, na wakishamla kosa limekwisha. Mwenye kosa anasalimiwa tena kama jana. Asipotoa, hasalimiwi. Wala ng'ombe wake, watu husema, hawamsalimii.

Walipanda wengi, na fimbo zao na sketi zao za ngozi, wakakaa kwenye lango letu. Kukaa tu. Mama alinisimulia mara nyingi, kila mara kwa kunong'ona, hata baba alipokuwa amekwisha kufariki. Alisema baba alitoka akamwona dada yake amekaa katikati yao.

"Wewe ni damu yangu," baba akasema. "Umekuja kunidai ng'ombe?"

"Dada yako leo amebaki nyumbani. Mimi nimetumwa."

"Ninyi ni serikali?"

"Serikali imeshakuja, umeinywesha chai. Sisi chai yako hatuitaki."

Wakacheka wote. Mmoja kutoka nyuma akapaza sauti: "Mwenye saumu! Tuletee kichwa kimoja tuwape ndama, tuone kama kitawakata kiu!"

Baba alirudi ndani, akatokea mlango wa nyuma, akatembea hadi senta penye mtandao, akanipigia.

"Wewe si unasoma sheria?"

"Ndiyo, baba."

"Basi isome kwa sauti. Huku hawaisikii."

Hapo ndipo mwenye kumbukumbu hizi angetakiwa kuuliza habari za chemchemi. Sikuuliza. Nilikuwa na umri wa kujua kila kitu, na kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa ananiomba nikijue. Usiku huohuo nikaandika.

Hoja zilikuwa tatu. Kwanza, sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka iidhinishwe na halmashauri ya wilaya, na ile ya kijiji chetu ilipitishwa kwenye mkutano mkuu, ikapigiwa makofi, ikawekwa kwenye kabati. Haikupelekwa popote. Kwa hiyo faini ya mtendaji ilikuwa batili. Pili, mtu haadhibiwi mara mbili kwa kosa moja. Tatu, na hii niliiona tamu kuliko zote, baraza la wanawake si mahakama. Hakuna sheria iliyolipa uwezo wa kumtoza mtu mali. Fahali anayechukuliwa kwa vitisho vya kulaaniwa ni fahali aliyeporwa. Nikapachika maneno mawili ya Kilatini, moja nimekuja kugundua nililikosea. Nikaacha nafasi ya sahihi ya baba, nikaituma kwa basi.

Barua ilikuwa sahihi. Nataka nilisisitize hilo, maana ndilo linaloniuma. Ningeisahihisha leo ningeipa alama nzuri, nipunguze kidogo kwa Kilatini. Mtu ana haki ya kusikilizwa kabla ya kutozwa, ana haki ya kukata rufaa, na kwenye lango letu siku ile hapakuwa na rufaa wala aliyeuliza kwa nini baba anahitaji saumu. Yote hayo naendelea kuyaamini. Ni kwamba barua ilizungumzia kila kitu isipokuwa maji.

Mtendaji aliogopa, akafuta faini. Wanawake watatu waliitwa ofisi ya kata, shangazi akiwa mmoja wao, wakakalishwa kwenye benchi tangu asubuhi, wakasomewa barua yangu kwa Kiswahili cha kasi, wakaambiwa wakirudia kukaa kwenye lango la mtu watashtakiwa. Waliweka dole gumba kwenye karatasi. Shangazi alikuwa anajua kuandika. Alisoma hadi darasa la saba. Aliweka dole gumba.

Hakupanda tena kibondeni. Mwaka uliofuata jirani wa upande wa pili alikata mikuyu yake, akisema kama mwenzake hakulipa yeye atalipia nini. Aliyefuata alileta pampu. Huyo wa pampu alishikwa baadaye na afisa wa wilaya, akakiri kosa na kulipa faini palepale bila kufika mahakamani, kama sheria inavyomruhusu, akapewa stakabadhi, na kesho yake akawasha pampu. Faini iliingia kwenye mfuko wa halmashauri kule Katesh. Kibondeni haikurudi hata kwa umbo la mche mmoja.

Baba alipofariki, shangazi alikuja. Nilimwona kutoka mbali, amekonda, fimbo yake imekuwa ya kutembelea. Alifika langoni akakaa chini, nje, mahali palepale. Ndugu walimsihi aingie akatikisa kichwa. Nilimpelekea chai.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Zamani ilikuwa "marahaba, mwanangu". Neno la pili lilikuwa limebaki huko chini.

"Chai, shangazi."

"Nimeshakunywa." Akaniangalia. "Ile barua. Nani aliiandika?"

Jeneza la baba lilikuwa sebuleni. Nilikuwa mhadhiri, nina viatu vya ngozi na tisheti ya msiba yenye picha ya baba aliyevaa lile koti lake moja.

"Wakili mmoja wa mjini," nikasema.

"Mh. Ana mwandiko mzuri," akasema shangazi. Ndiye aliyenifundisha kushika penseli.

Miaka michache iliyopita niliacha chuo nikahamia Mbulu. Niliwaambia wenzangu natafuta utulivu wa kuandika. Ukweli ni kwamba Mbulu ndipo mahali pa karibu zaidi na Endasak ambapo ningeweza kuishi bila kuishi Endasak. Nina nyumba ndogo, sweta tano, na kazi ya vibarua vya kitaalamu: naitwa kuendesha semina za sheria kwa watendaji na kamati za mazingira za vijiji. Nawafundisha jinsi ya kutunga sheria ndogo na, ndiyo, umuhimu wa kuipeleka ikaidhinishwe. Nina slaidi nzima ya jambo hilo. Nina slaidi nyingine yenye kichwa "Faini Inayouma na Faini Inayozoeleka".

Kwenye semina mojawapo, mwaka huu, aliinua mkono mama mmoja wa umri kama wangu, mwenyekiti wa kamati ya maji kutoka Hirbadaw. Alikuwa amekaa mbele muda wote bila kuandika chochote.

"Mwalimu, nina swali. Kuna faini mbili. Moja ukiilipa unapewa karatasi. Nyingine ukiilipa unapewa watu wako. Kwenye slaidi yako, hiyo faini ya pili iko wapi?"

Ukumbi ukacheka. Nikacheka nao, kicheko cha mtaalamu. Nikaeleza kwamba adhabu za kimila zina changamoto zake kisheria, kwamba hazina msingi wa maandishi, kwamba kulikuwa na kesi katika kijiji kimoja cha kaskazini...

"Endasak," akasema.

"Sikumbuki vizuri kijiji."

"Mimi nakumbuka. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wa wale watatu. Mpaka leo hakuna mama aliyekubali kukaa tena kwenye lango la mtu. Wanasema wataletewa barua. Sasa wanaume wanalima hadi ndani ya maji, sisi tunabaki na kamati." Akakaa. "Nilitaka kujua tu kama huyo wakili bado yuko hai."

Nilisema twende chakula cha mchana.

Kulikuwa na makande. Nilikaa mezani kwake kwa sababu kiti kilikuwa wazi, au nilijidanganya hivyo, na tulipokuwa tumekula nusu nikasema, nikiyaambia makande:

"Huyo wakili ni mimi. Mwenye saumu alikuwa baba yangu."

Hakuacha kutafuna. "Tunajua, mwalimu," akasema. "Shangazi yako alijua mwandiko siku ileile. Tulikuwa tunangoja useme."

Mtu angedhani baada ya hapo ningepata akili. Jioni ile nilifanya kosa ambalo linahitaji shahada mbili kulifanya: niliulizia bei ya fahali mkubwa, nikaituma kwa simu kwa mwenyekiti, na kwenye sehemu ya maelezo nikaandika "Faini ya chemchemi". Nilijisikia mwepesi kwa muda wa kama saa moja. Kisha pesa zikarudi zote, na simu ikaita.

"Mwalimu, umekosea namba?"

"Hapana, mama mwenyekiti."

"Basi umekosea kitu. Sasa hii tukaichinje wapi?"

Kwa hiyo nilikwenda mnadani. Sijawahi kununua kitu kikubwa kuliko friji, na friji haikunikanyaga. Nilimpata fahali mweusi, mkubwa, mwenye sura ya kuchoshwa na semina. Nilivaa miwani ya kusomea nikamzunguka: tumbo, kwato, chini ya mkia, nyuma ya masikio. Hata unywele mweupe mmoja usiwepo, mwenyekiti alikuwa ameniambia.

Muuzaji alivumilia kwa muda. "Mama, unamnunua ama unamtibu?"

"Nataka mweusi kabisa."

"Huyu? Huyu hata mawazo yake ni meusi."

Nikamwacha kwa jirani pale Endasak, na kabla ya kurudi Mbulu nikashuka kibondeni. Sikuwa nimeshuka tangu msiba. Jiwe lipo. Chini yake palikuwa na unyevu wa kulowesha kiganja ukikibandika na kusubiri. Matuta ya saumu yalikuwa yamekufa siku nyingi kwa kukosa maji, yamebaki kama mbavu. Nilikaa kwenye kisiki cha mkuyu, nikashangaa jinsi jua lilivyo kali mahali ambapo sikuwahi kuliona jua. Punda hakupita. Nilisubiri kwa muda ambao mtu mwenye elimu yangu hapaswi kusubiri punda.

Nilitamani nini hasa? Nimejiuliza. Nilitamani kutozwa. Ni tamaa ya ajabu kwa mwanasheria, lakini katika nchi hii nzima kuna kundi moja tu la watu ambao kosa langu liliwahusu kiasi cha kutembea kilometa nyingi kupanda mlima, na mimi niliwaziba midomo kwa kurasa mbili. Kama wangekubali fahali, ningekuwa mtu wao aliyekosa. Wasipokubali, ningebaki mgeni anayeendesha semina.

Baada ya wiki mbili mwenyekiti alipiga tena. Alisikika amechoka.

"Baraza limekaa. Mara ya kwanza tangu ile barua yako, limekaa. Lakini limekwama."

"Limekwama wapi?"

"Baraza linatoza wanaume. Wewe ni mwanamume?"

"Hapana."

"Aliyekata miti ni baba yako. Baba yako yuko wapi?"

"Ameshafariki."

"Basi tuna fahali na hatuna mkosaji. Kina mama wamebishana siku mbili. Wengine wanasema faini ni ya marehemu, wengine wanasema ni ya kwako. Huko kwenye vitabu vyenu mnafanyaje?"

Nililijua jibu. Nimelisahihisha kwenye mitihani mamia ya mara. Mtuhumiwa akifa, kosa lake la jinai linakufa naye. Haliachwi kwa watoto kama shamba. Na baraza lisilo na mamlaka juu ya mtu haliwezi kumhukumu, hata akipenda. Kwa mara ya pili maishani sheria ilikuwa imenifungulia mlango wa nyuma, safi kabisa, na senta yenye mtandao ilikuwa mkononi mwangu.

"Kwenye vitabu," nikasema, "faini ya baba ilikufa na baba."

Upande wa pili nikasikia mbuzi.

"Kwa hiyo umrudishe fahali wako?"

"Aliyeandika barua hajafa," nikasema. "Mwambieni shangazi hivyo. Miti alikata baba. Lakini aliyewakalisha kwenye benchi ni mimi. Hilo ni kosa juu ya wanawake, na aliyelifanya ni mwanamke, na mtalipatia utaratibu ninyi wenyewe. Mimi sitawaandikia chochote."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Afadhali," akasema, akakata.

Wiki zilipita. Jirani wa Endasak alinitumia ujumbe kwamba fahali anakula sana na ameanza kujiona mwenye nyumba. Nilishindwa kuandika. Niliendesha semina moja bila slaidi ya faini, nikasema kompyuta imegoma. Kila simu ilipoita niliiangalia kwanza kama mtu anayeangalia matokeo ya kipimo, na kila mara ilikuwa mtu anayeniuzia bima.

Ilipoita ile yenyewe nilikuwa sokoni Mbulu, nimeinama juu ya fungu la viazi, na muuza viazi ananiapia kwamba havina mchanga. Namba ilikuwa ya mwenyekiti. Sauti haikuwa yake.

"Unanisikia?"

Niliinuka. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akakohoa, kikohozi kile ambacho nilikuwa nimemgawia wakili wangu wa uongo, na sikuwahi kujua nilikitoa wapi. "Tumemaliza. Wamekataa mara tatu, wamekubali ya nne. Hakuna mwanamke aliyewahi kutozwa, kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza. Ulipenda kuwa wa kwanza tangu shule."

"Ndiyo, shangazi."

"Fahali ni wa kwako, si wa kaka yangu. Kaka yangu tumemwacha apumzike. Tutapanda siku ya Jumamosi. Utakaa nje ya lango, pale nilipokaa mimi, mpaka tutakapokuita. Usilete kiti."

"Sitaleta."

"Ukishaitwa utakula. Wamebishana na hilo pia, kama mkosaji anakula. Nikawaambia mkosaji huyu ni mwanamke, akae na wanawake. Halafu yale matuta yote utayavunja kwa jembe, wewe mwenyewe, usitume mtu. Tunakuja na matawi ya mkuyu ya kupandikiza. Mkuyu hauhitaji elimu, ukiuchomeka kwenye unyevu unashika."

"Unyevu upo, shangazi. Mdogo. Nimeushika."

"Najua. Nilituma mtu akaangalie."

Muuza viazi alikuwa ameacha kuapa, ananitazama. Nadhani nilikuwa nalia, kwa namna ya watu wa makamo, bila kubadilisha sura.

"Na kibuyu unacho?" shangazi akauliza.

"Sina."

"Umesoma miaka yote hiyo, huna kibuyu." Nikasikia anamrudishia mwenye simu, halafu akaichukua tena. "Basi nitakuja nacho mimi, mwanangu," akasema, na simu ikakatika.